Toka nje kabla mvua haijaanza

Iringa,
28 Septemba

Mpendwa Mama Neema,

Kamwene! Sisi huku hatujambo, ila upepo na vumbi la mwezi huu ndivyo vinatusumbua. Msalimie sana Baba Neema na watoto.

Uliponiambia kwenye simu kwamba tangu Juni hutoki ila kwenda dukani na kanisani, magoti yamekaza na usingizi hauji, nikaona meseji haitatosha. Mwaka jana mimi nilikuwa hivyohivyo. Kipupwe kizima nilijifungia ndani, sweta mbili, chai na maandazi, jiko la mkaa pembeni. (Hilo jiko usilale nalo chumbani hata siku moja, ndugu yangu, hewa yake inaua.) Mwisho wa Agosti nikaenda kupima, presha ikasoma 152 kwa 96. Muuguzi akaniuliza, "Mama, kwa siku unatembea kiasi gani?" Nikakosa jibu.

Nikaanza Septemba, na ndiyo maana nakung'ang'ania sasa hivi. Huku kwetu nyanda za juu hakuna miezi ya kutembea kama hii miwili. Baridi imelegea, njia ni kavu, na mvua haiji mpaka Novemba. Ikishaanza kunyesha, utelezi na shamba havitakuacha.

Na uzuri wake! Juzi nilisimama chini ya myombo mmoja mlimani, nje kidogo ya mji. Ardhi imepasuka, nyasi zimekauka kabisa, hatujaona tone tangu Mei. Lakini ule mti umechipua majani mapya, mekundu kama shaba, laini kama sikio la mtoto mchanga, jua likipenya mpaka unaona mishipa. Miombo haingoji mvua, inachipua kwa maji iliyojiwekea kwenye shina na mizizi. Wenzetu wa Ulaya wana majira yao ya kuchipua theluji ikiyeyuka, mwezi wa tatu huko. Ya kwetu ndiyo haya, na sisi tunayapitisha tukiwa tumejifunika blanketi.

Usingizi ndio ulionirudia kwanza. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni, mwili unajua siku imeanza, na usiku unajua muda wa kulala umefika. Taa ya sebuleni haina nguvu hiyo. Presha ilichukua muda zaidi: Januari nilisoma 134 kwa 84. Dawa sikuacha, na wewe usiache zako bila kumuuliza daktari. Ila moyo uliozoea mazoezi unasukuma damu bila kujikamua, na misuli inayofanya kazi inachukua sukari iliyomo kwenye damu. Najua sukari ipo kwenu, kwa hiyo hili lishike.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kutosha. Gawanya, ni nusu saa kwa siku tano. Mimi nilianza na dakika kumi, nikapumzika kwenye kila jiwe. Mwendo unaofaa ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukiona unamaliza ubeti mzima wa kwaya, ongeza hatua.

Jambo moja la kuangalia ni moshi. Siku watu wanapochoma mashamba usiende upande huo, utaharibu kifua bure. Na vaa kofia hata kama kuna kibaridi. Kwenye miinuko kama yetu, zaidi ya mita 1,500, jua linachoma kuliko unavyolihisi.

Kutoka kwenu Forest, hapo Mbeya, huna haja ya kupanda mlima Loleza mpaka juu. Ishia pale chini mlima unapoanza kusimama, geuka uutazame mji, rudi. Usiende peke yako, mchukue yule jirani yako wa genge, naye analalamika mgongo.

Nakuja Mbeya tarehe 18 Oktoba kwenye kipaimara cha mtoto wa dada. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa nagonga geti lako. Raba zako za zamani kama zimebana niambie namba, hapa sokoni za mtumba zipo nzuri. Na uniandikie lile goti la kushoto linaendeleaje, ili nijue tuanzie njia ipi.

Rafiki yako,
Mama Upendo