Wastani usio na mipaka yake hautoshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo linalonikera kila msimu wa mavuno. Mvua za huku kwetu Dodoma huanza Desemba na kuishia Aprili. Ikifika Mei na Juni watu wako shambani wanavuna, na hapo ndipo magazeti, redio na mitandao inapojaa vichwa vya habari vya namna ya "Mavuno ya mahindi yaporomoka" au "Wakulima waongeza tija". Ukisoma habari yenyewe unakuta namba mbili tu: wastani wa gunia kwa ekari mwaka huu, na wa mwaka jana. Hawasemi waliulizwa wakulima wangapi, walipatikanaje, wala huo wastani unaweza kupishana na ukweli kwa kiasi gani. Ombi langu ni moja: wastani wowote uliotokana na sampuli, yaani watu wachache walioulizwa kwa niaba ya wote, usichapishwe bila mipaka yake, yaani namba ya chini na ya juu ambazo wastani halisi unakadiriwa kuwa kati yake.

Mnunuzi wa mahindi pale soko la Kibaigwa anaielewa kazi ya sampuli hata kama hajawahi kuisoma. Lori likisimama hafungui magunia yote. Anachukua bambo, anachoma gunia, punje zinateremka kiganjani, anazipuliza vumbi, anazitazama, anauma moja kusikia kama imekauka. Kisha anahamia gunia jingine. Aliye mzoefu haridhiki na yale yaliyopangwa mlangoni, maana anajua muuzaji huweka yapi pale. Anataka ya katikati na ya chini. Lori liwe na gunia 100 au 300, kinachomtuliza moyo ni mangapi ameyachoma, na kwamba ameyachagua mwenyewe bila kuelekezwa.

Hili la ukubwa wa lori watu wengi hawalikubali. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 3,085,625 katika mkoa wetu, na utasikia mtu anauliza: watu 400 watatuambia nini kuhusu milioni tatu? Watatuambia mengi, ikiwa wamechaguliwa kwa bahati nasibu. Sampuli ikiwa ni sehemu ndogo ya watu wote, ukubwa wa hao wote karibu hauingii kabisa kwenye hesabu ya kosa, yaani kiasi ambacho wastani unaweza kupishana na ukweli. Wanaohesabika ni wale uliowauliza, na jinsi majibu yao yanavyotofautiana.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari, na darasani somo hili huwa naliingia kwa ndoo. Wanafunzi wanaandika kwenye vikaratasi mavuno ya kubuni ya kaya za kijiji kizima: nyingi gunia tatu, tano, saba kwa ekari, na chache zenye trekta na mbolea zinafika ishirini. Vikaratasi vinachanganywa ndooni. Kila mwanafunzi anachota kumi bila kuangalia, anatafuta wastani, anauandika ubaoni, anavirudisha. Wa kwanza anapata 5.1, wa pili 6.8, wa tatu 5.9. Ndoo ni ileile, hakuna aliyekosea kujumlisha, na bado kila mmoja ana jibu lake. Tukishapata majibu ya darasa zima tunayapanga kuanzia dogo hadi kubwa, na hapo mambo yanaanza kuonekana: yanarundikana karibu na wastani halisi wa ndoo nzima, yakipungua upande huu na upande huu. Zile kaya za gunia ishirini, ambazo kwenye vikaratasi ziko peke yao mbali kabisa, kwenye rundo la wastani hazionekani sana. Wakichota thelathini badala ya kumi, rundo linakuwa jembamba zaidi na linazidi kulingana pande zote mbili.

Sasa Mhariri, gazeti likichapisha wastani wa mavuno, linachapisha jibu la mwanafunzi mmoja kati ya wale wote. Anaweza kuwa yule wa 5.1 au yule wa 6.8. Msomaji haoni ubao.

Uzuri ni kwamba hata aliyechota mara moja tu anaweza kukadiria upana wa lile rundo. Anachukua mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi namba alizozipata zilivyotawanyika, anaugawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya aliowauliza. Hilo ndilo kosa sanifu. Tuseme tumewauliza wakulima 100, wastani ukawa gunia 5.8 kwa ekari na mkengeuko sanifu gunia 3. Kipeuo cha pili cha 100 ni 10, hivyo kosa sanifu ni 0.3. Tukilizidisha kwa 1.96, namba inayotumika kwa uhakika wa asilimia 95, tunapata karibu 0.6, na mipaka ya uhakika wa asilimia 95 inakuwa gunia 5.2 hadi 6.4.

Chukua sasa mwaka uliopita, nao wakulima 100, mtawanyiko uleule, wastani 6.2. Mhariri wa habari anaona 6.2 imekuwa 5.8, na kichwa cha habari kinajiandika chenyewe: mavuno yaporomoka. Lakini tofauti nayo ina kosa lake, tena kubwa kuliko la kila mwaka peke yake, kwa sababu pande zote mbili ni makadirio. Unajumlisha miraba ya makosa mawili (0.3 mara 0.3), yaani 0.09 na 0.09, unatafuta kipeuo cha pili, unapata 0.42. Ukiizidisha nayo kwa 1.96, mipaka ya asilimia 95 ya tofauti hiyo inaanzia kushuka kwa gunia 1.2 na kuishia kupanda kwa gunia 0.4. Kwa ushahidi huo mavuno huenda yameshuka vibaya, huenda hayajabadilika, huenda hata yameongezeka kidogo. "Yaporomoka" imetoka wapi?

Na neno hilo likishachapishwa linafanya kazi. Mkulima wa Kongwa anayesoma kwamba mazao yamepungua anafungia mahindi ghalani akisubiri bei ipande Desemba, na huku anakopa ada ya mtoto. Mfanyabiashara naye anakimbilia kununua. Ofisi ya kilimo inapigiwa simu iandae taarifa ya upungufu wa chakula. Ikija kuonekana kwamba hapakuwa na upungufu wowote, mwenye hasara ni yule aliyeliamini gazeti.

Niseme kidogo juu ya hiyo asilimia 95, kwa sababu hata wanaoichapisha mara nyingi wanaieleza visivyo. Haina maana kwamba asilimia 95 ya wakulima wanavuna kati ya gunia 5.2 na 6.4; kwa mkengeuko wa gunia 3, wengi wako nje ya hapo. Maana yake inahusu njia iliyotumika: ukirudia kuchota na kuweka mipaka kwa njia hiyohiyo mara nyingi, karibu mara 95 kati ya 100 mipaka itaufumbata wastani halisi, na karibu mara tano itaukosa. Jerzy Neyman aliueleza mpango huu kwa ukamilifu mwaka 1937, na tangu hapo haujabadilika. Mipaka uliyoishika leo ama imeufumbata ama imeukosa, na wewe hujui. Unachokijua ni kwamba umetumia njia isiyokosea mara nyingi.

Sampuli ndogo zina tahadhari yao. Ukiwauliza wakulima 25 tu, mkengeuko ukabaki gunia 3, kosa sanifu linapanda hadi 0.6, na ile 1.96 haitoshi tena, unatumia 2.06, kwa sababu hata huo mkengeuko wenyewe umekadiriwa kutokana na watu wachache. Kanuni hiyo tunaipata kwa William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyeichapisha mwaka 1908 akitumia jina la Student. Shida yake ilikuwa kama ya mabwana shamba wetu: vipimo vichache na uamuzi wa kufanya. Wengine watasema basi tuongeze watu. Sawa, ila kwa kuwa tunagawanya kwa kipeuo cha pili, kupunguza kosa kwa nusu kunadai watu mara nne. Kutoka 100 hadi 400, mafuta ya pikipiki na posho za wadadisi nazo ziende hivyohivyo.

Hesabu zote hizo zinachukulia kwamba wakulima walichaguliwa mmojammoja kwa bahati nasibu. Huku kwetu hilo ni nadra, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko kote. Mvua ya Dodoma ni ya vipande. Inanyesha kijiji hiki, jirani wanaangalia mawingu. Ukienda vijiji vitano ukauliza watu ishirini kila kimoja, una majina 100 kwenye karatasi, lakini wale ishirini wamepata mvua moja na wanafanana. Kosa halisi ni kubwa kuliko lile la 0.3. Na ukichagua vijiji vya kando ya barabara kuu ya Morogoro tu, Pandambili na Mbande, kwa kuwa gari linafika, umechoma bambo gunia lililowekwa mlangoni. Hata ukiuliza watu elfu kumi hapo, hujajua chochote kuhusu Hogoro au Sagara, ambako barabara hiyo haifiki. Mipaka itakuwa myembamba na ya kupotosha, kwa sababu kipimo hiki kinapima bahati ya kuchota, hakipimi upendeleo wa kuchagua. Vilevile hakipimi gunia lenyewe: mkulima anayehesabu gunia za lumbesa, zilizojazwa kupita kipimo, na anayehesabu gunia za kilo 100 hawasemi kitu kimoja, hata kama wote wametaja sita.

Wapo watakaosema wasomaji hawawezi kuelewa haya, kwamba yatawachosha. Sikubaliani nao kabisa. Wasomaji hawa hawa wanafuatilia tofauti ya magoli kwenye msimamo wa ligi. Wala taarifa si siri. Ofisi ya Taifa ya Takwimu makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma. Ripoti ya Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria ya mwaka 2022 ina kiambatisho kizima cha makosa ya sampuli: kosa sanifu, mpaka wa chini, mpaka wa juu, na kipimo cha jinsi uchaguzi wa makundi ulivyolikuza kosa. Watakwimu wetu wanaifanya kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa. Inapotea njiani, kati ya ripoti na ukurasa wa kwanza.

Sentensi ninayoiomba ni fupi: "Wastani ni gunia 5.8 kwa ekari, mipaka ya asilimia 95 ikiwa 5.2 hadi 6.4, waliulizwa wakulima 100 waliochaguliwa kwa bahati nasibu katika wilaya nzima." Inaingia kwenye safu moja ya gazeti. Tofauti ya miaka miwili ikichapishwa, nayo iwe na mipaka yake, na kama mipaka hiyo inapita sifuri, yaani inaanzia kushuka na kuishia kupanda, kichwa cha habari kisiseme yameshuka wala yamepanda. Mwandishi akinyimwa mipaka na waliofanya utafiti, aandike kwamba aliiomba na hakupewa. Msimu ujao wa mavuno ningependa kuiona sentensi hiyo kwenye gazeti lako.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa hisabati,
Kikuyu, Dodoma