Bakteria wa Udongo katika Shamba la Chumvi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua Pakiti

Kila kiangazi wateja wetu kutoka nyanda za chini za Moshi na Same hutuletea shida moja. Nyanya zimepandwa kwa nafasi nzuri, maji ya mfereji hayajakosekana, lakini miche imedumaa, ncha za majani zimeungua, na asubuhi kingo za matuta zina utando mweupe unaobaki kwenye kidole ukiugusa. Wengi huongeza mbolea ya dukani wakidhani udongo umechoka, ilhali mbolea hiyo nayo ni chumvi na huzidisha tatizo.

Siku hizi swali linalofuata huwa ni kama bakteria wa udongo wanaouzwa kwa pakiti wanaweza kuliokoa shamba kama hilo. Duka letu linawauza na tunaiamini kazi yao, na kwa sababu hiyohiyo hatupendi mkulima aondoke na pakiti akiwa na matumaini yasiyo na msingi.

Mmea uliozidiwa na chumvi hushindwa kunyonya maji hata kama udongo umelowa, na katika dhiki hiyo hutengeneza etilini kwa wingi. Hii ni gesi ileile inayoivisha ndizi tunapozivundika: katika tunda lililokomaa ina manufaa, lakini katika mche mchanga huzuia mizizi kurefuka na huyazeesha majani kabla ya wakati. Baadhi ya bakteria wanaoishi kwenye mizizi wana kimeng'enya kinachovunja ACC, kemikali ambayo mmea huitumia kutengenezea etilini, nao hujipatia naitrojeni humo. Mwaka 2004 watafiti Shimon Mayak, Tsipora Tirosh na Bernard Glick walichapisha majaribio ya bakteria waliotolewa katika eneo kame la Arava, kusini mwa Israeli, ambao waliisaidia miche ya nyanya kukua vizuri zaidi ilipomwagiliwa maji ya chumvi. Jambo tunalolirudia kwa kila mteja ni kwamba sodiamu iliyokuwamo ndani ya miche hiyo haikupungua. Mmea ulipata nguvu ya kuistahimili chumvi, lakini chumvi yenyewe ilibaki palepale.

Kwa hiyo hatuuzi pakiti kabla ya kupima. Katika vipimo vya kawaida udongo huhesabiwa kuwa wa chumvi ukifikia desisimensi 4 kwa mita (kipimo cha jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme, ambacho hupanda chumvi inapozidi), lakini mazao mengine huanza kupunguza mavuno mapema zaidi: maharage kwenye 1, mahindi kwenye 1.7, nyanya kwenye 2.5 na mpunga kwenye 3. Shamba la nyanya lililozidi 2.5 kwa kiasi kidogo tu ndilo tunaloona bakteria wanaweza kulifaa. Lililozidi mno linahitaji kwanza mfereji wa kutolea maji na kuoshwa kwa maji matamu, au lipandwe zao jingine.

Udongo wa magadi, yaani wenye sodiamu nyingi, una shida yake, na hapa ndipo tumeona wakulima wakipoteza fedha nyingi. Sodiamu huutawanya mfinyanzi hata vitundu vyake vikaziba, maji yakatuama jarubani kwa siku kadhaa, na juu pakikauka pakawa pagumu kama sakafu. Ukiuosha udongo huo kwa maji matupu unaweza kuuharibu zaidi. Unahitaji jasi, ambayo kwa bahati nzuri huchimbwa Makanya, hapahapa Kilimanjaro, ili kalisiamu yake ichukue nafasi ya sodiamu, kisha maji yaisukume sodiamu chini ya mizizi. Bakteria hawawezi kuifanya kazi ya jasi, ingawa wapo wanaotoa utelezi unaosaidia chembe za udongo kushikana, na samadi iliyooza vizuri huwapa chakula.

Tukishakubaliana kwamba bakteria wanafaa, tafadhali wakumbukwe kuwa ni viumbe hai. Mteja wetu mmoja alirudi akisema dawa haikufanya kazi, na katika mazungumzo tukagundua kwamba pakiti ilishinda juu ya tangi la pikipiki juani. Ihifadhiwe mahali pa baridi, ichanganywe kivulini kwa maji yasiyo na klorini, mizizi ya miche ichovywe jioni na kupandwa papo hapo. Isichanganywe na mrututu wala dawa nyingine ya ukungu yenye shaba, kwa kuwa shaba huua bakteria pia. Tunamwomba kila mkulima aache mistari mitatu bila bakteria katika shamba lilelile, ili ajionee tofauti mwenyewe badala ya kutegemea maneno yetu.

Kwa kipimo, chukua udongo kabla ya kumwagilia, kutoka sehemu zisizopungua kumi, kuanzia juu hadi kina cha sentimita 20, uuchanganye kwenye ndoo safi isiyowahi kuwekwa mbolea, kisha utuletee kilo moja pamoja na chupa ya nusu lita ya maji unayomwagilia. Udongo wa sehemu zenye utando mweupe ufungwe katika mfuko wake.