Mazoezi na saratani ya utumbo mpana: dakika 150 unazipataje hapa Tanga?

Wateja wengi wanaokuja kwenye ukumbi wetu wa mazoezi hutaja kitambi, presha au sukari. Utumbo mpana hautajwi, na hilo linatusikitisha, kwa sababu ni kati ya sehemu za mwili ambazo faida ya mazoezi dhidi ya saratani imethibitika zaidi. Tafiti zilizolinganisha wanaojishughulisha sana na wanaojishughulisha kidogo zimeona hatari ikipungua kwa takriban moja ya tano.

Sababu moja kubwa ni insulini. Misuli ikifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, hivyo mwili hauhitaji kumwaga insulini nyingi. Insulini ikizidi kwa miaka, huchochea seli za utumbo kuzaliana. Lakini nafuu ya zoezi moja hudumu siku moja au mbili tu, basi usipitishe siku mbili mfululizo umekaa. Anayejikamua Jumamosi saa tatu nzima kisha akatulia wiki nzima anaweza kuumia na kuacha.

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za zoezi la wastani kwa wiki. Zigawe: dakika 30, siku 5. Wastani maana yake unaweza kuzungumza ila huwezi kuimba kaswida. Hapa ndipo wengi hukosea. Matembezi ya kupunga upepo Raskazone yanaburudisha, ila pumzi haibadiliki. Baiskeli inahesabika ukiikanyaga mpaka uheme.

Kama hujazoea, anza na dakika 10, siku 5 kwa wiki. Kila wiki ongeza dakika 5; wiki ya tano umefika 30. Wanaoacha mapema mara nyingi walianza na kilomita tano wakiwa na ndala, visigino vikauma. Vaa raba zenye soli nene, na toka saa 12 asubuhi au baada ya saa 11 jioni, maana joto na unyevu wa pwani humaliza nguvu haraka.

Siku 2 kwa wiki fanya misuli: kaa na uinuke kwenye kiti mara 10, pumzika dakika 1, rudia mpaka zitimie seti 3. Kisha pushapu za ukutani vivyo hivyo. Fundi cherehani na mtu wa ofisini wainuke kila nusu saa.

Siku ya kwanza tunakupima presha na kiuno. Anayechoma insulini aje na kitu kitamu mfukoni. Kifua kikibana, simama hapo hapo na utuambie.

Ukiona damu kwenye choo, choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au unakonda bila sababu, usianze na sisi hata kama unadhani ni bawasiri. Nenda kwanza Hospitali ya Bombo ukachunguzwe. Na kama mzazi au ndugu yako wa tumbo moja aliugua saratani hii, mwambie daktari mapema, hata kama huna dalili yoyote.