Uzito peke yake hautoshi kumwita mtoto mnene

Ndugu Mhariri,

Shule moja hapa Tanga mjini iliwapima wanafunzi uzito na urefu, kisha majibu yakasomwa mstarini mbele ya wenzao. Tuache aibu waliyoipata mabinti; kipimo chenyewe hakikustahili kutangazwa hivyo.

BMI, yaani kilo zikigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu kwa mita, haitofautishi mafuta na msuli. Kijana anayevuta nyavu ufukweni Deep Sea, hapa Tanga, kila jioni anaweza kutoka "mnene" karatasini na tumbo lake bapa. Tena ule mpaka wa BMI 25, ambao ukifikiwa mtu huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi, ni wa watu wazima. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 19 yapo majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2007, yanayozingatia umri na jinsia, maana balehe huwaongezea wasichana mafuta na wavulana msuli.

Vipo vipimo vingine vya mafuta. Koleo la kupima mkunjo wa ngozi nyuma ya mkono ni rahisi, ila lataka mtu aliyefunzwa. Wasiofunzwa wawili watakupa majibu mawili. Mizani ya umeme inayokadiria mafuta, ile ya kusimama peku, humhesabia mtu mafuta asiyonayo akiwa na kiu. Skani ya eksirei iitwayo DEXA ni makini zaidi, lakini nani ataileta Ngamiani?

Waongeze basi futi ya fundi cherehani: kiuno kisifike nusu ya urefu. Na majibu apewe mzazi, ndani ya bahasha.

Mzazi,
Ngamiani, Tanga