Kwa mdogo wangu, ambaye sikuwahi kumpa kumi

Mdogo wangu,

Nimeona heri niandike hapa hadharani, maana nikikupigia utaingiza mzaha, nami nitacheka, tuishie hapo kama kawaida yetu.

Unaukumbuka ule mstari wa chaki sebuleni? Ulipima mwenyewe kwa rula: upana sentimita 10, kama boriti ya jimnastiki. Urefu ulitakiwa mita 5, lakini sebule haikutosha, mstari ukagota kwenye mguu wa kabati. Ulikuwa na miaka tisa. Kila jioni ulitembea juu yake kana kwamba ukikosea utaanguka kweli, mikono umeitandaza, ncha ya ulimi imechungulia nje, nami nimekaa kwenye mkono wa kochi na daftari. Mimi ndiye jaji.

Tulikuwa tumesikia habari za Nadia Comăneci, mwanajimnastiki wa Romania. Olimpiki ya Montreal, 1976, msichana wa miaka 14 anapata kumi kamili, na ubao wa matokeo unaonyesha 1.00 kwa sababu haukuwa na nafasi ya kuandika kumi. Ukasema, "Mimi watanitafutia ubao mpya." Mimi nikaondoka na funzo jingine, la kijinga: kwamba kumi ni ya kubaniwa.

Basi nikakubania. 9.6. 9.7. Siku ile uliyozunguka kwa mguu mmoja bila kuyumba hata kidogo, nywele zilinisisimka. Nikaandika 9.8. Ulipouliza kosa liko wapi, nikajibu kwamba kidole gumba cha mguu kilipinda. Hakikupinda. Nilidhani nikikunyima kile kilichobaki utazidisha bidii, na kweli ulizidisha. Hapo ndipo panaponiuma, kwamba dawa ilifanya kazi.

Sikulazimishi useme ulionewa. Furaha yako niliiona kwa macho yangu, na hakuna aliyekuamsha alfajiri. Wewe ndiye uliyetuamsha sisi. Ila niliona na viganja. Ngozi imechanika katikati, chaki imeingia kwenye kidonda, nawe unajifunza kushika kalamu kwa ncha za vidole ili mama asijue. Baadaye ikaja ile enka uliyoifunga bendeji chini ya soksi, miezi mitatu. Mimi nilijua. Nilinyamaza kwa sababu mashindano yalikuwa karibu, na nilishawatangazia marafiki zangu wote.

Mwaka 2021, Simone Biles, yule bingwa wa jimnastiki wa Marekani, alipojitoa kwenye fainali ya timu kwenye Olimpiki kule Tokyo baada ya kuruka mara moja tu, tulikuwa kwenye simu, kila mtu na televisheni yake. Watu walibishana usiku kucha kama ni ujasiri au ni woga. (Wengi wao hata kuruka kamba hawawezi.) Wewe ulisema maneno mawili tu: "Kumbe inaruhusiwa." Ulikuwa umeacha mchezo miaka mingi, na bado ulisema kama mtu anayeomba ruhusa.

Hivi unajua kwamba hata wenyewe wa jimnastiki waliachana na ule mfumo wa kumi kuwa alama ya mwisho, mwaka 2006? Nilipolisoma hilo nilikasirika, kana kwamba nimedhulumiwa mimi.

Jumapili ulinipigia baada ya kuwasilisha ile kazi yako. Nilikuwa nimeifuatilia mwanzo hadi mwisho. Hukuniuliza kama nimeipenda. Ulisema, "Haya, ngapi?" Ukacheka, lakini ulisubiri. Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikajikuta natafuta kidole kilichopinda. Nikasema sikuhesabu. Ukawa kimya, halafu ukaniambia una simu nyingine.

Daftari ninalo bado, liko chini ya nguo zangu. Mara mbili nimelitoa nilichome, nikaanza kusoma, nikalirudisha. Njoo uchome wewe. Kiberiti ninacho.

Kaka yako