Pawabenki zisiwekwe kwenye makabati ya juu ndegeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie hatari ya moto wa pawabenki, yaani betri za kubeba za kuchajia simu, ndani ya ndege. Januari 28, 2025, ndege ya Air Busan iliteketea ikiwa bado ardhini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, na ingawa watu wote 176 waliokuwamo waliokolewa, wachunguzi walieleza kuwa huenda chanzo kilikuwa pawabenki iliyokuwa kwenye kabati la mizigo la juu.

Betri ya lithiamu, aina iliyomo ndani ya pawabenki, ikipata hitilafu hujipasha joto yenyewe, seli moja (kibetri kidogo cha ndani) ikiwasha nyingine, hivyo hata miali ikizimwa inaweza kulipuka upya isipopozwa kwa maji. Na ikiwa imefukiwa chini ya mabegi, moshi huonekana wakati moto umeshakolea. Ndiyo maana Korea Kusini iliagiza, kuanzia Machi 1 mwaka huohuo, abiria wakae na pawabenki zao karibu.

Nayasihi mashirika yetu ya ndege yatangaze tahadhari hiyo kwa Kiswahili fasaha kabla ya safari, na abiria mwenzangu ambaye pawabenki yake imevimba, hata kidogo tu, asipande nayo kabisa.

Msomaji wako,
Tanga