Mafuta yamefukiwa, hayajasafishwa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi za kulisubiri stendi lishuke na basi la jioni, na sijawahi kuwaandikia, hata pale mlipoihamishia Mafinga yetu ya Iringa mkoani Mbeya. Nilinyamaza. Ila ile habari ya mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye nyumba za mbao za wageni kule msituni imenikaba. Mmetuwekea picha ya meneja ameshika koleo, nyuma yake lundo la mchanga, na chini mkaandika kuwa eneo limeshasafishwa na wageni wanaendelea kufurahia mandhari. Mwandishi wenu hakuuliza mafuta yenyewe yamekwenda wapi?

Yako palepale. Ukiyafunika kwa mchanga, mengine yanabaki yamelowana na udongo, mengine yanateremka taratibu kuyatafuta maji, na mvua za Novemba zikianza zinayapa usafiri. Huku kwetu kila nyumba nzuri ya wageni hujengwa mlimani ili ione bonde. Bondeni ndiko ziliko chemchemi, na kwenye chemchemi ndiko tuliko sisi.

Nasema hivi kwa sababu yalishatukuta. Juu ya kitongoji chetu hapa Mufindi kuna nyumba kama hizo. Mbao za sakafu nilizipasua mimi, kwa hiyo kila kona naijua. Ikifika Juni ukungu unatanda hadi mchana humwoni ng'ombe wako, na mgeni wa kutoka Dar akilala usiku mmoja bila joto anadai arudishiwe pesa. Basi wakaleta hita za mafuta ya taa na mtambo wa kuchemshia maji ya kuoga. Pipa la lita 200 likapandishwa juu ya kichanja cha mabanzi ili mafuta yashuke yenyewe kwa mpira. Chini hakuna beseni, hakuna ukuta, hakuna chochote. Usiku mmoja mpira ukachomoka kwenye koki, asubuhi pipa tupu.

Mlinzi, kijana wa watu ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha lolote, akapigiwa simu na bosi wake: osha upesi kabla wageni hawajaamka. Akamwaga sabuni ya unga, akafungulia maji, akasukumia kila kitu bondeni. Sabuni haiondoi mafuta, Mhariri! Inayavunja yawe matone madogo yanayochanganyika na maji, kwa hiyo hata yale ambayo yangeelea juu yakachotwa, hapo tena hakuna wa kuyashika. Haikufika saa nne bomba letu likawa linanuka koroboi. Chai ikamwagwa, maharage yakamwagwa, ng'ombe wakasusa kunywa. Kina mama wakaanza kuyachemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, mafuta hakuyafanyi kitu cha kukutoa wasiwasi, na klorini nayo ni hivyohivyo. Tukamwita afisa. Akaja siku nyingine kabisa, viatu vinang'aa, akautazama ule utando wa rangirangi juu ya maji akasema ni chuma tu, ardhi ya huku ina chuma kingi. Ni kweli upo utando wa bakteria wa chuma unaofanana na mafuta, na kila aliyechimba kisima huku anaujua. Lakini kuvitofautisha hakuhitaji maabara. Chukua kijiti, upasue. Wa bakteria unavunjika vipande na kubaki umevunjika. Wa mafuta unajifunga tena nyuma ya kijiti. Nikaupasua mbele yake, ukajifunga. Akaniambia, "Mzee, mimi ndiye mtaalamu." Akaandika kwenye daftari lake, akala chakula cha mchana hukohuko juu kwa wenye nyumba, akaondoka. Ripoti hatujaiona mpaka leo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ofisi hizohizo zinajua sana kupima mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hilo silipingi. Ila utekelezaji wake huku unamwangukia nani? Bibi mwenye kinyungu chake, yaani kishamba cha bondeni cha kabichi na mahindi ya kiangazi, ambacho babu zake walikilima kabla hiyo mita haijafika nchi hii. Wanakuja na utepe, wanakuja na mgambo, kabichi inafyekwa bibi akitazama. Lile pipa lilikuwa karibu na kijito kuliko kile kinyungu! Hakuna aliyefungua utepe. Na mikaratusi ya wakubwa iliyosimama juu ya vyanzo vya maji sitaigusa leo, daktari amenikataza kupandisha presha.

Halafu ni mafuta ya taa, jamani. Mwaka 2011 Serikali ilipopandisha ushuru wake ili kuwabana wachakachuaji waliokuwa wakiyachanganya kwenye dizeli, sisi wa vijijini ndio tuliobanwa, tukaanza kuyanunua kwa kikombe. Leo mtu anamwaga pipa zima anaambiwa pole.

Ndugu zetu wa Iringa mjini wasidhani hii ni kesi ya watu wa porini. Mto Ruaha Mdogo unaanzia huku Mufindi, unapita hapo mjini, maji yake mnayachota na kuyanywa, kisha unakwenda kuungana na Ruaha Mkuu kuelekea bwawa la Mtera. Kinachomwagwa huku juu kina njia ya kuwafikia.

Kule Alaska, Marekani, nako wana vibanda vya porini vinavyopashwa joto kwa mafuta, vingine havifikiki ila kwa ndege. Wenzetu hao hawasubiri gazeti. Yakimwagika ardhini zaidi ya galoni 55, yaani lita 208, kwa lugha yetu pipa moja, taarifa inatolewa mara moja. Yakiwa kati ya galoni 10 na 55, ndani ya saa 48. Yakigusa maji, hata yawe kidogo namna gani, ni mara moja. Na usafi wenyewe ni kazi ya jembe. Unaziba panapovuja, unachimba mfereji upande wa chini kuyazuia, unayanyonya kwa kitu kikavu, kisha unauchimba udongo wote unaonuka na kuutandaza juu ya turubai mbali na maji, umefunikwa mvua isiuoshe. Unauchanganya na mbolea, unaugeuza mara kwa mara, bakteria wa udongoni wanayala yale mafuta kidogokidogo. Kwenye baridi wanakula polepole, kwa hiyo udongo wa Makete utasubiri kuliko wa Ifakara. Ni kazi ndefu na haina picha nzuri, labda ndiyo sababu meneja wenu amechagua mchanga.

Sasa pendekezo langu, na nyie mnaopenda warsha lipelekeni huko. Kila penye dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao, hapa Mafinga kuna milima ya maranda inayochomwa moto bure, moshi unatuumiza macho, na maranda makavu yananyonya mafuta vizuri sana. Kila nyumba ya wageni iliyopo msituni iwe na magunia kumi ya maranda, koleo mbili, turubai na pipa tupu lenye mfuniko, na pipa la mafuta likae ndani ya sinki la zege linaloweza kubeba mafuta yake yote na zaidi. Mwenye nyumba asipewe leseni mpaka tanki la maji ya kunywa la nyumbani kwake, anakolala na watoto wake, lijazwe kutoka kwenye chemchemi iliyo chini ya pipa lake. Mkaguzi anywe glasi ya kwanza, na chakula cha mchana aje nacho kutoka kwake.

Maranda nitatoa mimi bure, huyo meneja wa kwenye picha alete gari. Turubai ajinunulie.

Fundi mbao,
Mufindi